Mlima wa Bei Nafuu

Kila ukifika mwezi wa sita, London nzima huanza kuulizana swali moja. Msusi humwuliza mteja, dereva wa basi humwuliza abiria aliyemzoea, na katika nyumba ya wazee kule Barking, ambako Angélique alikuwa akiwahudumia wakongwe, swali hilo lilianza na chai ya asubuhi na halikukoma mpaka zamu ya jioni: Kiangazi hiki unaenda wapi?

Tangu aanze kazi hiyo, Angélique alikuwa na jibu moja tu. "Mwaka kesho," alisema, kisha akainamia shughuli zake, akamvisha huyu soksi, akamnywesha yule dawa. Si kwamba hakuwahi kutoka. Yeye na mumewe Gervais walikuwa wamefika Brussels mara kadhaa, na Paris, na hata Lille, lakini kila safari ilikuwa ya harusi au ya kilio. Ulaya waliyoijua wao ilikuwa sebule za ndugu: magodoro yametandikwa chini, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, jikoni, watoto wa watu wakikimbizana ukumbini. Minara na majumba waliyaona kupitia dirisha la gari la shemeji, tena gari likiwa mbioni.

Alikuwa mwanamke wa Goma, mashariki mwa Congo, mrefu, mpole wa sauti, mkali wa usafi, mwenye miaka arobaini na mitatu. Gervais alikuwa mtu wa Bukavu, na hapo ndipo utani wa nyumba ile ulipokuwa na makao yake, kwa maana watu wa Bukavu hujiona waungwana na watu wa Goma hujiona majasiri. Kazi ya Gervais ilikuwa kusafisha mabehewa ya treni. Mungu alikuwa amewapa mtoto mmoja, Plamedie, msichana wa miaka kumi na minane, mzaliwa wa London, aliyeelewa kila neno la Kiswahili lililosemwa nyumbani na kulijibu kwa Kiingereza.

Mwaka huo mambo mawili yalikutana. Plamedie alimaliza mitihani yake ya mwisho, na mwezi wa tisa alikuwa ahamie Leeds kuanza chuo kikuu. Na katika likelemba ya akina mama wa kanisani, ambayo kila mwezi mmoja wao hupokea michango ya wote, zamu ilimfikia Angélique. Jumapili moja wakiwa mezani, Gervais aliweka uma chini.

"Mama Plamedie," alisema, "mtoto anaondoka. Kama hatukutembea naye sasa, tutatembea naye lini? Pesa hii tusinunue kochi. Twende vakanse, likizo ya kweli."

"Vakanse ya nani?"

"Yetu sisi watatu. Bila harusi, bila kilio."

Angélique alicheka. Kisha akamtazama mumewe, akaona kwamba yeye hacheki. Plamedie naye alikuwa ameacha kutafuna.

"Twende wapi?" Angélique aliuliza, na alipoisikia sauti yake mwenyewe alijua kwamba ameshakubali.

*

Kukubali kulikuwa rahisi. Kuchagua kuliwatoa jasho.

Plamedie alikuwa na kisiwa chake cha Ugiriki alichokiona kwenye simu, chenye nyumba nyeupe na milango ya bluu. Walipoitafuta bei yake ya mwezi wa nane, kitanda cha siku mbili kilitosha kumeza fungu lote. Gervais alitaka Hispania kwa sababu watu wote wa kazini kwake huenda Hispania, nao wakakuta kwamba watu wote kweli wamekwenda, na vyumba vilivyosalia ni vile ambavyo hata wao wasingevisafisha kwa hiari. Kila jioni walikaa mbele ya kompyuta ya Plamedie, bajeti yao ya pauni elfu moja na mia mbili ikiwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na kila jioni bei zilikuwa zimepanda ngazi nyingine.

Mwisho Gervais alisema, "Mimi ninamjua mtu Ilford."

Mtu huyo alikuwa Kavita, mama wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, mwenye ofisi ndogo ya safari juu ya duka la sari. Wateja wake wengi walikuwa wazee wanaokwenda Nairobi au Ahmedabad na hawataki kubishana na mashine. Alipowasikia wakinong'onezana Kiswahili mlangoni, alisimama akiwa amenyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni, karibuni! Keti, mama. Hiki Kiswahili chenu ni cha Congo, si ndiyo? Mimi nitaongea changu cha Nakuru, tutaelewana hapo katikati."

Akawamiminia chai ya tangawizi, akasikiliza kilio chao chote, kisha akatikisa kichwa.

"Kosa lenu ni moja. Mnaangalia ndege peke yake. Ndege ni mlango tu. Mtu ananunua tikiti ya pauni ishirini anafurahi, halafu anafika anakuta uwanja uko mbali na mji, teksi inamla. Chupa ya maji inamla. Begi lake ni kubwa, linamla. Kwanza niulize: mnataka siku ngapi, mtakula nini, na mtatembea kwa nini? Halafu ndio tutafute nchi."

Wakamjibu. Siku saba. Watajipikia, maana Gervais anapika. Watatembea kwa miguu na kwa basi.

"Vizuri. Na tarehe? Mkienda wiki ya mwisho ya mwezi wa nane, katikati ya wiki, Jumanne mpaka Jumanne, watu wengi wanakuwa wameanza kurudi. Bei inapumua." Akamgeukia Angélique. "Na wewe mama, roho yako inataka nini? Bahari? Mji? Baridi?"

"Sijui, dada," Angélique alisema. "Sijaulizwa hata siku moja."

Kavita hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta ili wote waone, na pale ikatokea ramani ya Ulaya, nzima, kuanzia Ureno mpaka Bulgaria, na juu ya kila nchi kulikuwa na bei. Angélique akasogeza kiti. Kwa muda hakusikia walichokuwa wakisema. Nchi zilikuwa zimepangwa pale kama mafungu ya nyanya katika soko la Virunga kule Goma, hili la bei hii, lile la bei ile, chagua mama, shika mwenyewe. Na yeye alikuwa mtu aliyewahi kuvuka mpaka akiwa na shuka moja kichwani, katikati ya maelfu, bila kujua atalala nchi gani wala ni nani atakayemfukuza asubuhi. Miaka mingi baadaye alikuwa amengoja barua kutoka kwa serikali imwambie kama anaruhusiwa kukaa mahali alipokuwa amekaa. Sasa alikuwa na pasipoti ya bluu kwenye mkoba, na mwanamke wa Nakuru alikuwa akimwuliza roho yake inataka nini.

"Albania ni rahisi," Kavita alikuwa akisema, "bahari nzuri sana, lakini pwani yake ni mbali, basi ni la saa nyingi. Bulgaria ni rahisi zaidi, mnalala hotelini, chakula chote ndani."

"Na vijana walevi wote wa Uingereza ndani," Plamedie alisema kwa Kiingereza.

"Huyu msichana anajua," Kavita alisema. "Basi tazameni hapa. Ndege inatoka Stansted, inafika mjini kabisa. Basi la kutoka uwanjani ni dakika chache. Chumba kina jiko, kiko karibu na soko la samaki, chini ni duka la mikate. Nimejumlisha kila kitu na bado mnabaki na pesa ya kula vizuri. Kwa bajeti yenu, wiki hiyo, hakuna kinachoshinda hii. Ni Sicilia, kisiwa cha Italia. Mji unaitwa Catania."

Akabonyeza picha. Palikuwa na bahari ya samawati. Palikuwa na mji wenye makanisa na paa za vigae. Na nyuma ya mji, umejaza anga kutoka upande mmoja hadi wa pili, palikuwa na mlima mpana uliokuwa ukitoa moshi kichwani.

"Wow," Plamedie alisema. "Ni volkano. Mama, ona, ni volkano ya kweli!"

Angélique aliinuka. Aliuchukua mkoba wake polepole, akamshukuru Kavita kwa chai, akashuka ngazi, akasimama barabarani mbele ya duka la sari.

*

Gervais alibaki ofisini kuomba radhi. Plamedie ndiye aliyemfuata mama yake, na wawili hao wakapanda basi la EL1 kurudi Barking, wakakaa juu, kiti cha mbele.

"Ulipokuwa mdogo nilikuambia tulikimbia," alisema. "Hukuniuliza tulikimbia nini."

"Nilidhani vita."

"Vita pia, nyakati nyingine. Lakini ile siku haikuwa vita. Ilikuwa mlima."

Akamsimulia. Ulikuwa mwezi wa kwanza, mwaka elfu mbili na mbili, naye alikuwa msichana wa miaka ishirini akikaa na mama yake mtaa wa Birere, katikati ya Goma. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Siku nyingi ardhi ilikuwa ikitetemeka, vikombe vikigongana kabatini, na watu wakasema ni kawaida, Nyiragongo amegeuka usingizini. Asubuhi ile habari ikaja kwamba mlima umepasuka ubavuni. Si kileleni, ambako watu walikuwa wamezoea kuuona mwanga wake mwekundu, bali chini, karibu na nyumba za watu. Mchana moto ulikuwa umefika uwanja wa ndege. Haukuwa na haraka. Hilo ndilo lililomshangaza kuliko yote, kwamba ulikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, mweusi juu, mwekundu chini, ukisukuma ukuta mpaka ukuta ukakubali.

"Mama yangu alibeba kichwa cha cherehani. Mimi nikabeba shuka na sufuria. Tukaingia barabarani na mji mzima, tukavuka mpaka, tukaingia Gisenyi, Rwanda. Jioni tulikuwa juu ya kilima. Watu wanalia, wanaita watoto wao. Na huko chini moto ulikuwa umefika ziwani. Plamé, maji yalikuwa yanapiga kelele. Mvuke ulipanda mpaka ukafunika nyota, na chini yake mji wote ulikuwa mwekundu. Mimi nilijifunika uso. Mama akanitoa mikono. Nyumba yake ilikuwa inaungua, cherehani yake haina miguu, na yeye akaniambia, 'Angalia, Angé. Hii hutaiona mara mbili.'"

Plamedie alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti. "Na uliangalia?"

"Niliangalia kidogo. Nilikuwa nalia. Siku chache baadaye tukarudi. Lava ilikuwa imeganda juu, lakini ukikaa sana mahali pamoja viatu vinaanza kunuka kuungua. Tulitafuta nyumba. Jirani akatuambia, 'Mko juu yake.' Nilikuwa nimesimama juu ya paa letu, na sikuliona."

Basi lilisimama. Watu wakapanda, wakashuka. Msichana alimshika mama yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya hadharani tangu akiwa shule ya msingi, na hakuuachia mpaka kituo cha Barking.

*

Nyumbani Gervais alikuwa na akili ya kutosha kutolitaja jambo lile. Alisema tu kwamba Kavita amekubali kuwawekea chumba mpaka Ijumaa, na kwamba hata Bulgaria si mbaya, walevi watawapisha.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka," alimwambia Plamedie jikoni, akidhani mkewe hasikii. "Tusimlazimishe."

Angélique alisikia. Alisikia pia kwamba neno hilo halikumkaa sawa, kama kiatu cha mtu mwingine. Kwa siku tatu alitandika vitanda vya wazee huku akili yake ikiwa kwenye picha ile. Kilichomsumbua hakikuwa moshi. Zilikuwa zile paa za vigae, nyingi, zimetulia, na makanisa, na watu waliokuwa wamekaa mbele wakila kitu kwenye bilauri. Walikuwa wameugeuzia mlima mgongo, wanakula.

Alhamisi alimpigia mama yake. Mama yake alikuwa bado Goma, mzee sasa, katika nyumba ya mbao aliyoijenga juu ya lava ileile, mtaa uleule. Mji ulikuwa na taabu zake nyingine siku hizo, na mtandao ulikuja na kukatika, lakini sauti ya yule mama haikuwa imezeeka.

"Mama, Gervais anataka kutupeleka vakanse. Mahali penyewe iko volkano."

"Inatoka moto?"

"Mara kwa mara."

"Na watu wanaenda kufanya nini?"

"Wanaenda kuiangalia. Wanatoka nchi zote. Wanalipa."

Angélique akasikia kicheko, kile kicheko cha mama yake kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi.

"Wanalipa! Yesu wangu! Sisi tulipewa bure tukakimbia!" Akacheka tena, akakohoa, akapumua. "Nenda, mtoto wangu. Ule wa kwetu ulikuja kwako bila kukuuliza. Huu nenda wewe, kwa miguu yako, saa unayotaka wewe. Uone kama haiko tofauti."

Jioni Angélique aliingia sebuleni na kofia yake ya kazi bado kichwani. "Papa Plamedie," alisema, "mwambie yule mama wa Nakuru tunachukua mlima."

*

Waliondoka Jumanne ya wiki ya mwisho ya mwezi wa nane. Stansted mkaguzi wa pasipoti hakuwauliza lolote, na Angélique, aliyekuwa ameandaa majibu, alibaki nayo mdomoni. Ndani ya ndege alipewa dirisha. Walipofika juu ya milima ya Alpi mawingu yalifunguka, na kule chini, katika kiangazi cha mwezi wa nane, theluji ilikuwa imelala milimani, nyeupe isiyo na unyayo wa mtu. Aliweka paji la uso kwenye kioo na kulisahau hapo. Gervais alimwuliza kama anaumwa. Alitikisa kichwa tu.

Na walipokaribia kutua, mlima ukaja wenyewe. Ulikuwa mkubwa kuliko ramani, mkubwa kuliko picha ya Kavita. Ndege ilikuwa bado angani, na mlima ulikuwa sawa nao.

Mji wa Catania ulimpiga butwaa kwa jambo ambalo hakulitarajia. Kuta zilikuwa nyeusi. Barabara zilikuwa zimesakafiwa kwa jiwe jeusi, milango ya makanisa ilikuwa imechongwa kwa jiwe jeusi na kupambwa kwa jeupe, na katika uwanja mkuu, juu ya chemchemi, alisimama tembo mzima wa jiwe hilohilo jeusi, mkonga juu, amebeba mnara mgongoni. Angélique alimwendea akagusa msingi wa chemchemi. Aliijua ngozi ile. Ilikuwa na vitundu vidogo, ya moto kwa jua, inayokwaruza kidole. Nyumba za Goma zimejengwa juu yake. Watoto wa Goma huchubua magoti yao juu yake. Hapa walikuwa wamechonga tembo kwayo.

"Ni lava," alimwambia Plamedie kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ndani ya kanisa. "Yote hii. Mji wote ni lava. Imewaangukia, wakaichonga."

Mwenye chumba alikuwa bibi mfupi aliyeitwa Signora Agata. Baba yake alikuwa amechimba makaa ya mawe Charleroi, kule Ubelgiji, kwa hiyo alijua Kifaransa cha kizamani kilichokaribiana sana na kile ambacho Angélique alifundishwa na masista. Siku ya pili walikuwa tayari wakikaa pamoja barazani juu, wakimenya maharage. Agata aliuita mlima "yeye", kama mtu anavyomtaja mama mkwe.

"Kwa nini hamhami?" Angélique alimwuliza.

Agata alimtazama. Alikuwa ameshasimuliwa habari za Goma. "Na mama yako alihama?"

"Alijenga palepale."

Wanawake wale wawili wakatazamana, kisha wakaanza kucheka, na Gervais akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

*

Siku ya nne walipanda basi la asubuhi kwenda mlimani. Barabara ilipita mashamba ya mizabibu na malimau, halafu miti ya miberoshi, halafu miti ikakoma. Kutoka hapo palikuwa peusi. Mito ya lava ya zamani ilikuwa imeganda kando ya barabara, mmoja juu ya mwingine, mingine ikiwa imeota manyasi ya kijivu na mingine mitupu kana kwamba imemwagwa jana. Abiria walipiga picha. Angélique alikaa mikono mapajani.

Karibu na mwisho wa barabara, basi lilipopunguza mwendo, aliliona. Katikati ya lava lilikuwa limetokeza paa. Paa la vigae na kipande cha ukuta, basi; sehemu nyingine ya nyumba ilikuwa chini ya lava. Waliposhuka alirudi nyuma kwa miguu kulitafuta, na Plamedie na Gervais wakamfuata bila kuuliza.

Alisimama mbele yake. Upepo ulikuwa wa baridi, mkavu, wenye harufu ya kiberiti. Alikitazama kila kigae. Alitazama mahali ambapo lava ilikuwa imefika ukingoni mwa paa, ikasimama, kama mtu aliyekumbuka jambo. Alitazama muda mrefu sana.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," alimwambia Gervais. "Miaka yote ninakuambia na sikuweza. Hivi."

Gervais, mwenye mzaha kwa kila jambo la Goma, alivua kofia yake.

Kisha wakapanda, wakiinama kwenye mteremko wa changarawe nyekundu na nyeusi, mpaka ukingoni mwa shimo la zamani. Huko juu ulimwengu ulikuwa umeachwa kama siku ya kwanza ulipotengenezwa, kabla majani hayajapewa ruhusa. Chini kabisa bahari ilimetameta. Juu, kilele kilikuwa kikipumua moshi mweupe, taratibu. Angélique aliona ajabu kwamba haogopi. Hapana, alikuwa anaogopa, lakini hofu ile ilikuwa imesimama pembeni na kumpisha. Aliokota jiwe, likawa jepesi kama mkate, akalirudisha lilipokuwa.

Jioni ileile, jua likiwa limezama na watu wakiwa bado kwenye meza za barabarani, vioo vya madirisha vilianza kutetemeka. Angélique alikuwa barazani. Aliujua mtetemo ule kabla sikio halijausikia. Gervais alitoka chumbani akiwa ameshika pasipoti zote tatu na viatu.

"Twende!" alisema. "Mama Plamedie, twende wapi?"

"Hakuna pa kwenda," Signora Agata alisema kwa Kifaransa, akivuta kiti. "Yeye yuko mbali sana. Leo amechangamka tu. Kaeni."

Na kilele kikafunguka. Mkuki mwekundu ulipanda angani, ukasimama, ukaanguka vipandevipande, na mwingine ukapanda kabla wa kwanza haujatua. Sauti ilifuata baadaye, nzito, ya kifuani. Kila baraza la mtaa likajaa watu. Watoto walibebwa mabegani. Mahali fulani mwanamume alianza kupiga makofi, na mtaa mzima ukampokea, wakipigia makofi mlima kama watu wanavyompigia mwimbaji.

Mwili wa Angélique ulitaka kukimbia. Alishika ukingo wa baraza kwa mikono miwili akabaki. Hakujifunika uso. Aliuona moto ukimwagika ubavuni kwa mstari mwembamba kama uzi unaotolewa kwenye pindo la nguo, aliona mawingu yakigeuka rangi ya shaba kutoka chini, aliona umeme mdogo ukicheza ndani ya moshi, jambo ambalo usiku ule wa Gisenyi machozi hayakumwacha alione. Plamedie alikuwa amejibana kwake.

"Mama, ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa karibu zaidi," Angélique alisema. "Na ilikuwa nzuri. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri hivi hivi."

Walikaa mpaka mikuki ilipokuwa mifupi na makofi yakaisha na watu wakarudi kwenye sahani zao. Gervais alikuwa amevaa kiatu kimoja.

Asubuhi mji ulikuwa umefunikwa na mchanga mweusi. Ulikuwa juu ya magari, juu ya tembo, ndani ya maua. Redio ilisema uwanja wa ndege umefungwa kwa siku hiyo. Angélique aliamka kabla ya wenziwe, akamkuta Signora Agata barazani tayari na mafagio mawili, kana kwamba alijua. Wakafagia pamoja, kutoka ukutani kuelekea ukingoni, na vumbi lile likatoa sauti ya mchele unaopepetwa. Agata alilitia kwenye gunia, akalifunga kwa kamba.

"La malimau," alisema. "Hakuna mbolea kama hii."

"Kwetu tunapanda maharage," Angélique alisema. "Ukitupa mbegu leo, kesho inakusalimia."

Jua lilikuwa limepanda. Mlima ulikuwa pale, safi, umetulia, na uzi mdogo wa moshi. Angélique aliegemea fagio akautazama tena, na chai ikapoa mezani.